Maswali ya Wasomaji: Kazi Isiyoingia Katika Hesabu

Barua za safari hii zinatoka Lamu na Malindi, na zote zinahusu usawa kati ya wanawake na wanaume katika mambo ya kila siku. Tumezifupisha na kuyaacha majina ya waandishi. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kuliko nyingine kwa sababu inagusa nyumba nyingi.

Swali: Assalamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lamu, mtaa wa Langoni, na mume wangu ni karani. Tunatoka nyumbani wakati mmoja asubuhi na kurudi wakati mmoja alasiri. Yeye huoga, akajifunga kikoi, akateremka pwani kuzungumza na wenzake mpaka magharibi; mimi huingia jikoni. Mshahara wangu hulipa karo na umeme, wake hununua chakula. Binti yetu wa miaka 13 huosha vyombo na kumwogesha mdogo wake, ilhali kaka yake wa miaka 15 akirudi kutoka mpirani huandaliwa chakula. Niliposema kijana naye afundishwe kufua nguo zake, mume wangu alicheka akasema nimekuwa mfeministi. Shemeji akaongeza kwamba wafeministi ni watu wasiotaka ndoa wala dini. Mimi naitaka ndoa yangu, na dini yangu siiachi. Naomba kuelezwa mfeministi ni nani hasa, na kama mimi ni mmoja wao.

*Mwalimu, Langoni*

Jibu: Wa alaykumu salaam, mwalimu. Mfeministi ni mtu, awe mwanamke au mwanamume, anayeamini kwamba muda, jasho, mali na neno la mwanamke vina uzito ule ule wa vile vya mwanamume, na kwamba pale jamii ilipovipa uzito pungufu, hilo halikuletwa na maumbile bali lilipangwa na watu, na watu wanaweza kulipangua. Huo ndio msingi. Baada ya hapo wafeministi wanahitilafiana sana: wako wanaotaka sheria zibadilishwe kwanza, wako wanaosema kiini cha tatizo ni mshahara na ardhi, wako wanaorudi katika dini zao na kuzisoma kwa makini, na wako pia wasioitaka ndoa kabisa. Shemeji yako amewachukua hao wa mwisho akawafanya ndio wote.

Kwa kipimo hicho wewe ni mfeministi, ingawa hulazimiki kulibeba jina hilo ikiwa litazua ugomvi kabla hujapata unachokitaka, nacho ni kijana kufua shati lake. Nimewajua wanawake wa Lamu waliogombania usawa maisha yao yote, wakawasomesha binti zao na kuwashitaki kaka zao kwa ajili ya urithi, bila kujipa jina lolote.

Ukosefu wa usawa unaosemwa majukwaani ni ule mkubwa: ndoa za utotoni, kupigwa, kunyimwa shule. Huo una sheria zake na mahakama zake. Ule unaouelezea wewe ni mgumu zaidi kuushika, kwa kuwa umejificha ndani ya mambo ambayo hakuna anayekumbuka kuyaamua. Hapakuwa na siku ambayo wewe na mume wako mlikaa mkakubaliana kwamba alasiri iwe yake ya mapumziko na iwe yako ya zamu ya pili. Na kazi yenyewe si kupika tu. Ni kujua kwamba unga umebaki wa siku mbili, kukumbuka kwamba mdogo ana chanjo wiki ijayo, kuona kwamba viatu vya shule vimeanza kubana, na kuyabeba yote hayo kichwani ukiwa umesimama mbele ya darasa. Utafiti wa matumizi ya muda uliofanywa na Shirika la Kitaifa la Takwimu la Kenya mwaka 2021 ulionyesha kwamba wanawake nchini hutumia muda unaokaribia mara tano ya ule wa wanaume katika kazi za nyumbani na malezi yasiyolipwa. Nadhani hata utafiti huo haukuweza kupima ule mzigo wa kukumbuka.

Sasa dini, kwa kuwa ndiyo iliyotajwa ili kukunyamazisha. Wengi hapa pwani tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, na wanazuoni wengi wa madhehebu hayo wameandika kwamba kupika, kufua na kufagia si wajibu unaomfunga mke kwa sababu ya mkataba wa ndoa; akifanya, amefanya kwa wema wake. Wako wanazuoni wengine wanaosema ada ya mji ndiyo inayoamua, nami sitaficha hilo. Lakini hakuna mwenye ilimu anayesema kwamba mwanamume akishika ufagio amevunja sunna, kwa maana Bi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa sala ukifika akitoka kwenda kusali. Ama mali, Surat An-Nisaa, katika aya ya 32, imeweka wazi kwamba wanaume wana fungu katika walichokichuma na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Mshahara wako ni wako. Matumizi ya nyumba ni juu ya mume hata kama mke ni tajiri, na karo unayolipa ni hisani yako, wala si deni unalodaiwa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema mke arudi katika desturi na kila kitu kitanyooka. Desturi ilikuwa na pande mbili. Mume alibeba gharama zote za nyumba, na mke akaitunza nyumba. Siku hizi gharama zinabebwa na wawili, jambo ambalo kwa maisha ya sasa halina ubaya, lakini utunzaji wa nyumba umebaki wa mmoja. Mwanamume anayepokea nusu ya gharama kutoka kwa mkewe na bado akadai huduma yote ya zamani hajahifadhi desturi. Amehifadhi ile nusu inayomfaa.

Na tukizungumzia desturi za Lamu, tuzitaje zote. Katika nyumba za mawe za mji wetu ilikuwa kawaida baba kumpa binti yake nyumba anapoolewa, ama amjengee karibu na yake au amwongezee ghorofa juu. Mume ndiye aliyehamia kwa mkewe. Ndoa ikivunjika, aliyekusanya nguo zake na kutoka alikuwa yeye, na mwanamke akabaki chini ya paa lake, pamoja na watoto. Yale mawikio, yaani madaraja ya juu ya njia, unayopita chini yake kila siku kwenda shuleni yalijengwa kati ya nyumba za jamaa ili wanawake watembeleane bila kuteremka njiani. Sisemi kwamba enzi hizo zilikuwa za usawa, kwa sababu wanawake hao walifungiwa mengi ambayo kaka zao walifunguliwa. Nasema tu kwamba mtu akikwambia mila zetu hazimjui mwanamke mwenye mali na kauli, muulize nyumba aliyozaliwa bibi yake ilikuwa ya nani.

Jinsi ya kuanza. Usianze na mume. Anza na kijana, kwa kuwa umri wake unamruhusu kujifunza na kwa kuwa baba yake atapata shida kueleza kwa nini mtoto wa miaka 15 asijue kufua. Mpe kazi kamili, si ya kusaidia: awe ndiye mwenye vyombo vya usiku, na visipooshwa iwe ni yeye aliyeviacha, wala dada yake asiamshwe kuviosha. Siku za mwanzo sufuria zitalala na masizi. Vumilia, maana wengi wetu tumeshindwa hapo kwa kunyanyuka usiku na kuvisugua wenyewe. Kwa mume, zungumza naye wakati hana njaa wala wewe hujachoka, na uzungumze kwa saa badala ya hisia: kuanzia saa kumi hadi saa tatu za usiku nani anafanya nini, Jumatatu hadi Ijumaa. Muulize ni saa ngapi kati ya hizo angeweza kuzichukua yeye. Pengine hataacha baraza lake la pwani, nami nisingemtaka aliache, kwa kuwa mtu anahitaji wenzake. Lakini nawe una wenzako.

Swali: Mimi ni mhudumu katika hoteli moja ya watalii hapa Malindi. Kuanzia Aprili hadi Juni wageni hupungua, nasi hurudishwa nyumbani bila malipo. Miezi hiyo mke wangu, anayeuza mahamri na mbaazi, ndiye anayetulisha, kwa hiyo mimi huteka maji, huwavalisha watoto na kufua. Marafiki wanasema nimetiwa limbwata. Jambo la pili, marehemu baba alituachia shamba huko Ganda, na kaka zangu hawataki dada zetu wawili wapate chochote kwa kuwa wameolewa. Sisi ni Wagiriama na ni Wakristo. Je, mwanamume anaweza kuwa mfeministi bila kuwa kichekesho?

*Baba wa watatu, Malindi*

Jibu: Anaweza, ndugu yangu, na kichekesho atakuwa kwa muda kidogo. Hiyo tuhuma ya limbwata ni ya ajabu sana ukiifikiria, kwa kuwa inadhani mwanamume mwenye akili timamu hawezi kumfulia mkewe mpaka arogwe. Nina swali dogo tu: Julai, hoteli ikifunguliwa, je, maji anateka nani? Ikiwa kazi hizo hurudi kwa mke wako siku ile ile unapovaa sare, wakati naye bado anaamka alfajiri kukanda unga, basi umekuwa mwenzake kwa msimu.

Lakini kwangu mimi, kipimo chako kiko Ganda. Kufua nguo kunakugharimu mzaha wa marafiki, ilhali shamba litakugharimu fungu la ardhi na pengine amani na kaka zako, na hapo wanaume wengi wenye maneno mazuri hunyamaza. Sheria iko wazi. Ibara ya 60 ya Katiba ya mwaka 2010 inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi. Sheria ya Urithi haimtofautishi mtoto wa kike na wa kiume, wala aliyeolewa na asiyeolewa: mzazi akifariki bila wosia, na mwenzake naye akiwa hayupo, watoto hugawana sawasawa. Mahakama ya Rufani ilisimamia usawa huo katika kesi ya Rono mwaka 2005, ambapo ilikataa hoja kwamba mabinti wapewe pungufu kwa kuwa wataolewa.

Kwa vitendo, mambo huamuliwa mapema kuliko watu wanavyodhani. Kesi ya mirathi huanza na barua ya chifu inayowataja warithi, na ni hapo ambapo majina ya mabinti hupotea. Hakikisha dada zako wameandikwa. Usitie sahihi karatasi yoyote ya mgawanyo isiyowataja, na waambie mapema ili nao waende mahakamani kuweka pingamizi endapo kaka zako watajaribu kuwapita. Mama yenu kama yu hai, ana haki zake juu ya mali hiyo, nazo zinatangulia mgawanyo wa watoto.

Inanishangaza kidogo kwamba haya yanatokea katika nchi ya Wagiriama. Mwaka 1913 mwanamke wa Kigiriama, Mekatilili wa Menza, alizunguka vijijini akiwahimiza watu wakatae kodi ya Waingereza na kazi za lazima, akakamatwa na kupelekwa uhamishoni magharibi mwa Kenya, mbali sana na kwao, na akarudi. Tunamwadhimisha kila mwaka kwa ngoma na hotuba. Halafu tunawaambia wajukuu zake kwamba mwanamke hana neno kuhusu ardhi.

Jambo moja la nyongeza kuhusu mke wako. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 inahesabu kazi za nyumbani, malezi ya watoto na uendeshaji wa biashara ya familia kuwa ni mchango katika mali, lakini Mahakama ya Juu ilisema mwezi Januari 2023 kwamba nusu kwa nusu si ya moja kwa moja. Kila mmoja anapaswa kuonyesha alichochangia. Mtu anayeuza mbaazi hana stakabadhi za mshahara. Kama mnanunua kiwanja, andikisheni majina yote mawili sasa, mkiwa mnapendana.

Swali: Wanawake wamepewa viti 47 bungeni ambavyo mwanamume haruhusiwi kuvigombea. Watoto wa kike wanatafutiwa wafadhili kila mahali, na wa kiume wanaishia katika dawa za kulevya. Je, si sisi tunaoonewa sasa?

*Mzee, Mkomani, Lamu*

Jibu: Shikamoo, mzee wangu. Kuhusu vijana wa kiume una haki kabisa, na msiba wa unga wa kulevya hapa pwani hauhitaji kuelezwa. Wanahitaji tiba, kazi na watu wazima wa kuwasimamia. Hata hivyo, sijamwona kijana aliyeingia katika unga kwa sababu dada yake alipelekwa shule, na ukimnyang'anya dada huyo nafasi yake hutakuwa umemwokoa kaka.

Kuhusu viti, ni kweli Katiba iliwatengea wanawake hivyo 47, lakini kanuni yake ya msingi si ya wanawake peke yao. Ilisema jinsia yoyote isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa, kanuni ambayo ingewalinda wanaume vilevile kama wangekuwa wachache. Bunge lilishindwa kupitisha sheria ya kuitekeleza, mpaka mwezi Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje Bunge kwa sababu hiyo. Halikuvunjwa. Katika uchaguzi wa mwaka 2022 wanawake walishinda ugavana katika kaunti 7 kati ya 47, na kwa pwani ni Fatuma Achani wa Kwale peke yake. Arubaini zilizobaki zilikwenda kwa wanaume, mzee wangu, na hakuna aliyeuliza kama walipendelewa.

Swali: Nafanya kazi ya benki hapa Malindi na najitambulisha wazi kuwa mfeministi. Mume wangu ni mwelewa. Dada wetu wa kazi, anayetoka Gongoni na kulala kwetu, ameanza kuomba Jumapili nzima ya kupumzika. Nikimpa, nitashinda na watoto siku yangu moja ya kupumua. Rafiki ameniambia kwamba nikikataa sina haki ya kujiita mfeministi. Je, hilo ni kweli?

*Mama Malindi*

Jibu: Dada yangu, rafiki yako amekuwa mkali, lakini hajakosea. Hata kabla ya kufika kwenye ufeministi kuna sheria: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa kila mwajiriwa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi kwa malipo kamili, na miezi mitatu ya likizo ya uzazi. Hakuna kifungu kinachomtoa anayefanya kazi jikoni mwa mtu. Kwa hiyo Jumapili hiyo si zawadi utakayompa, umekuwa ukiichukua.

Pwani yetu ina historia mahsusi katika jambo hili. Mabibi wa majumba makubwa ya zamani waliweza kukaa, kusoma na kutunga tenzi kwa kuwa walikuwapo wanawake wengine, watumwa, waliosaga, wakateka maji na kubeba. Utumwa ulifutwa kisheria katika ukanda huu mwaka 1907, lakini mpango wa mwanamke mmoja kupumzika kwa mgongo wa mwingine haukufutika siku hiyo. Usawa unaompandisha karani wa benki na kumwacha binti wa Gongoni pale pale alipo una kasoro, nami nasema hivyo nikijua kwamba bila wasichana kama yeye wengi wetu tusingefika ofisini.

Angalia pia jinsi ulivyoliuliza swali lako. Umesema ukimpa siku, wewe ndiye utakayeshinda na watoto. Mume mwelewa hatajwi tena. Hesabu ya Jumapili mnaifanya wanawake wawili, mmoja akimnyang'anya mwingine, na yeye ametoka nje ya hesabu bila kuombwa. Mgawane naye siku hiyo, asubuhi wewe na alasiri yeye, au Jumapili moja moja kwa zamu. Msimpunguzie dada mshahara kwa sababu ya mapumziko hayo, na muulizie katika ofisi ya kazi kima cha chini kilichowekwa kwa wafanyakazi wa nyumbani katika eneo lenu, kisha mlinganishe na mnachomlipa. Mwandike mkataba wa kurasa mbili kwa Kiswahili anaoweza kuusoma mwenyewe, na ndani yake mtaje saa anayomaliza kazi jioni, kwa kuwa anayelala nyumbani kwa mwajiri wake huamshwa saa tano za usiku kumchemshia mtoto maziwa, na asubuhi hakuna anayekumbuka kwamba alikuwa kazini.